Bwana Msa angefika Chwele, angeanza na ile chupa ya soda

Wiki jana stima ilipotea saa mbili usiku, na mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Mlima Elgon isiyo na haraka. Nilimaliza kurasa za mwisho za riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale kwa tochi ya simu, betri ikiwa imebaki asilimia nne. Kwa siku tatu nilikuwa nimemtafuta muuaji ndani ya kitabu hicho kama mtu aliyepoteza funguo. Lakini nilipokifunga sikumwazia muuaji. Niliwazia chupa ya soda niliyoiona miaka sita iliyopita, nikiwa kidato cha kwanza, chini ya mparachichi kando ya shamba la nyanya.

Nitafika kwenye hiyo chupa. Acha kwanza nieleze nilivyokutana na Bwana Msa, maana si mimi niliyemtafuta.

Kama wengi wa rika langu, upelelezi nilianzia kwa Wazungu. Nilianza na A Good Girl's Guide to Murder ya Mwingereza Holly Jackson. Kitabu kilitoka mwaka wa 2019, na mwaka wa 2024 kikawa filamu ya mfululizo. Hapo ndipo kila mtu kwenye grupu letu la WhatsApp alipokitaka, na mtu akatuma PDF. (Ndiyo, najua. Tutanunua tukipata kazi.) Kama hujakisoma, kisa ni hiki. Katika mji mdogo unaoitwa Little Kilton, msichana wa shule, Andie Bell, anatoweka. Mpenzi wake, Sal Singh, anapatikana amekufa, na kwenye simu yake kuna ujumbe wa kukiri kwamba alimuua. Polisi wanafunga faili, nao mji mzima unafunga faili. Miaka mitano baadaye Pip, msichana wa miaka kumi na saba, anaamua kesi hiyo iwe mradi wake wa shule. Anaanza kuuliza upya, akisaidiwa na Ravi, mdogo wake Sal.

Nilikisoma siku mbili nikiwa kwenye kibanda cha mama cha M-Pesa, wateja wakinigongea kaunta. Kilichonishika si maiti wala msako. Ni ile familia ya akina Singh. Wanaishi mle mle mjini, wananunua mkate duka lile lile, lakini wamegeuzwa kuwa "familia ya muuaji", na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama ni kweli. Jibu lilikuwepo, tena jibu rahisi, na kila mtu alilala vizuri. Nilihisi kitu fulani tumboni lakini sikujua ni nini. Nikaenda kitabu cha pili.

Sasa khocha, yaani mjomba kwa sisi Wabukusu, ni mwalimu mstaafu na anaishi Kitale. Alinikuta kwake nikimsimulia binamu yangu habari za Pip kwa mikono na macho. Akatusikiliza kwa subira ya mwalimu, kisha akauliza, "Na huyo anamshinda Bwana Msa?"

Tukatazamana. Binamu yangu akauliza kama Bwana Msa ni mtu wa bongo fleva. Mzee alicheka hadi akavua miwani. Aliingia chumbani akarudi na kitabu kilichojaladiwa kwa gazeti, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Msipokirudisha, msirudi na nyinyi."

Basi jueni nilichojua. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alifanya kazi ya ukaguzi wa afya. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka wa 1957 hadi 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Yaani Pip bado hajatungwa, hata nyanya yake hajatungwa, na tayari Mswahili wa Zanzibar ana mpelelezi wake mwenye kiko mdomoni, mtu wa kuvuta moshi na kufikiri, na rafiki yake Najum pembeni. Wanaomjua Sherlock Holmes watatabasamu hapo, na wana haki. Baadaye vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, Bwana Msa akiwa yule yule.

Sitamwaga mtama. Nitasema tu kwamba tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, anapatikana amekufa, na mahali maiti yake ilipo ni kwenye mzimu. Hapa ilibidi nimpigie khocha simu. Sisi huku tukisikia "mzimu" tunafikiria kitu kinachokutembelea usiku. Kule Unguja, mzimu ni mahali, pale watu wanapokwenda kutambika na kufukiza ubani. Ukishalijua hilo, kisa kizima kinageuka. Mtu amekufa mahali ambapo kila mmoja anapaogopa, kwa hiyo jibu limeshatayarishwa kabla hata maiti haijapoa. Waliomuua ni "wao". Na "wao" hawakamatwi, hawaulizwi maswali, hawana miguu ya kuacha alama matopeni.

Bwana Msa hawatukani wanaoamini mzimu. Hilo nililipenda sana. Hasimami kuwahubiria kwamba ni washamba. Anauliza tu. Nani alikuwa wapi? Saa ngapi? Nani amejuaje? Ile "umejuaje" yake ndiyo ilinifanya nikae gizani na simu inayozima.

Chupa, sasa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Kijana mmoja wa kazi, miaka kumi na tisa hivi, alikuwa ameandikwa kibarua cha kupiga dawa nyanya za jirani yetu. Wanaojua Chwele wanajua nyanya na vitunguu ni uhai wetu. Siku ya soko magari yanajaa hadi huoni barabara, na nyanya ikiingia ugonjwa mvua ya Agosti, mtu anaweza kupoteza karo ya watoto watatu kwa wiki moja. Kwa hiyo dawa inapigwa, na anayepiga mara nyingi hana glavu wala kitu cha kuziba pua. Ana pampu mgongoni na fulana aliyovaa jana.

Mchana huo nilipita kwenda kisimani. Chini ya mparachichi kulikuwa na chupa mbili za soda, za aina moja, kubwa kwa kubwa. Moja ilikuwa na strungi, chai ya rangi. Nyingine ilikuwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Watu huku hununua dawa kidogo kidogo, anayemiminiwa kwa chupa anamiminiwa, maana kopo zima ni pesa nyingi. Niliziona chupa, nikapita. Nilikuwa na mtungi kichwani na nilikuwa na miaka kumi na nne.

Jioni kijana alianguka. Nilimwona akibebwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyemwagiwa maji, na mate yanamiminika bila yeye kuyameza. Asubuhi tukasikia amekufa.

Siku ya pili ya matanga jina lilikuwa limeshapatikana. Ni mama mzee, mjane, boma la tatu kutoka kwetu, ambaye wiki mbili kabla aligombana na yule kijana kwa sababu ya mbuzi na kumwambia, "Utaona." Neno lenyewe ni hilo tu. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa "utaona" na mama yake kabla ya saa nne asubuhi? Lakini ushahidi ulianza kumiminika. Huyu alimwona amesimama njiapanda alfajiri. Yule alikumbuka ng'ombe wake aliyekufa 2011. Mwingine alisema mumewe mwenyewe alikufaje, hebu fikirieni.

Hakuna aliyeuliza kijana alikula nini. Hakuna aliyeuliza alikunywa nini, wala amevaa nini, wala ni dawa gani. Mimi nilikuwa pale pale, nikigawa chai kwa trei. Nilikuwa na jambo la kusema, na nilijua kwamba msichana wa kidato cha kwanza hafungui mdomo wazee wanapoongea kwenye matanga. Wangeniuliza swali moja tu: "Wewe ni mtoto wa nani?" Na mama angeaibika.

Kesho yake nilipita tena njia ya kisimani. Chini ya mparachichi hapakuwa na chupa hata moja.

Sisemi kwamba aliyeziokota alikuwa anaficha. Labda mtu alisafisha tu. Sisemi hata kwamba kijana alikosea chupa, maana pengine dawa ilimwingia kwa ngozi siku nzima, na pengine ni kitu kingine kabisa. Hadi leo sijui. Hiyo ndiyo inauma. Tulikuwa na nafasi ya kujua, tukachagua jibu.

Yule mama mzee hakuchomewa nyumba. Hakuna aliyemwinulia mkono, tusikosee. Watu waliacha tu kumsalimia. Waliacha kununua ndizi zake. Watoto walifundishwa kuvuka barabara. Ilipofika Desemba alikuwa amehamia kwa kaka yake upande wa Kiminini, na paa la nyumba yake likaanza kubonyea. Nilipomsoma Pip na ile familia ya akina Singh, kumbe tumbo langu lilikuwa linamkumbuka yeye. Ilibidi niletewe kijiji cha Uingereza ndipo nione cha kwetu, na hilo nalo lina aibu yake.

Miaka mitatu baadaye ndipo nilipojifunza kusoma utepe wa rangi kwenye lebo za dawa za mimea. Utepe mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano unafuata, kisha wa buluu, kisha kijani. Dawa ikishahamishiwa kwenye chupa ya soda, utepe umebaki dukani. Mkaguzi wa afya angejua hilo. Na nimekaa nikijiuliza kama ndiyo siri ya Abdulla, mtu ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuingia nyumba za watu na kuuliza maji yametoka wapi. Mtu wa aina hiyo akiandika upelelezi, mzimu utapata shida.

Sasa nigombane kidogo na vitabu vyenyewe.

Pip ana raha yake. Ana laptopu, ana printa, ana gari, ana wazazi wanaomwuliza mradi unaendeleaje. Akigonga mlango wa mtu mzima, mtu mzima anafungua na kujibu, hata kama anadanganya. Nilikuwa nasoma nikijicheka. Hebu mlete Chwele agonge boma la mzee saa kumi jioni na daftari lake, aulize, "Samahani mzee, usiku ule ulikuwa wapi?" Hatafika sura ya tatu.

Bwana Msa naye anafunguliwa milango yote kwa sababu ni mwanamume, ni mtu mzima, ana heshima yake na kiko chake. Wanaouliza maswali mle ndani ni wanaume. Mimi kama msichana sikupata mtu wa kuingia viatu vyake, nilibaki nimesimama mlangoni na trei. Tena Bwana Msa ana tabia ya kujua jambo na kulikalia hadi mwishoni, akushangaze. Kwenye kitabu ni tamu. Lakini nilijikuta namkasirikia, nadhani kwa sababu mimi pia nimekalia jambo, miaka sita, na mwishoni mwangu hakuna watu waliokusanyika kunisikiliza.

Na Kiswahili chake, wueh. Hiki si kile cha redio. Kuna kurasa nilizisoma mara tatu. Lakini hakuna mtu aliyenitungia swali la alama ishirini kuhusu kurasa hizo, kwa hiyo nilizisoma kwa hamu ya kujua, na hamu ilinivusha.

Hapo ndipo ninapotaka walimu wanisikilize. Mimi nimefanya KCSE na Chozi la Heri. Ni kitabu kizuri, silaumu kitabu. Lakini tulikisoma tukiwa na kalamu nyekundu, tukiwinda maudhui, mbinu za lugha na sifa za wahusika, na kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza tulikuwa na mwongozo unaotuambia yote yatakayotokea. Riwaya ya upelelezi haiwezi kusomwa hivyo. Ukiambiwa mwisho, imekufa. Inakulazimisha ukae na kutojua, ushuku, ukosee, urudi nyuma ukague ulichokipita bila kukiona. Darasani kwetu kutojua kulikuwa kosa. Mkono ulioinuliwa ulikuwa mkono wenye jibu, na sikumbuki hata mara moja aliyeshangiliwa kwa kuuliza, "Lakini mwalimu, tumejuaje?"

Kisha tunashangaa tukiwa watu wazima tunaokubali jibu la kwanza linaloingia kwenye grupu la WhatsApp.

Sidai Bwana Msa awe kitabu cha kutahiniwa, Mungu apishe mbali. Wakimfanya hivyo watamwandikia mwongozo na kiko chake kitaitwa ishara. Nataka awe kwenye rafu ya darasa, aibwe, arudishwe bila jalada. Nimeuliza maduka ya vitabu hapa Chwele na Bungoma mjini, na walichonacho ni vitabu vya shule na Biblia. Muuzaji mmoja aliniuliza, "Hicho ni cha darasa la ngapi?" Nilikosa jibu. Kama wachapishaji wanasikia: vijana wanaotumiana PDF ya Holly Jackson saa sita usiku si watu wasiosoma. Ni watu ambao hamjawaletea kitu.

Na si kwamba nchi yetu hii ya magharibi haina watu wa kuandika. Ken Walibora alizaliwa huku Bungoma, akakulia Trans Nzoia. Siku Njema yake si riwaya ya upelelezi, lakini ukiisoma bila kalamu nyekundu utaona ina mwendo wake: kijana anaondoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua, na msako unamleta hadi upande wa Kitale. Binamu yangu aliisoma kwa sababu hiyo tu, kuona kama atatajiwa barabara anayoijua. Halafu Aprili 2020 Walibora mwenyewe akafariki Nairobi. Tuliambiwa amegongwa na gari Barabara ya Landhies, kisha upasuaji ukaonyesha pia jeraha la kisu, na siku zile mitandaoni kila mtu alikuwa na jibu lake. Nakumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili hakutupa lolote. Alisema tu, "Subirini. Sijui." Nilimwona dhaifu. Leo naona alikuwa mtu wa kwanza darasani kuniambia neno hilo bila aibu.

Mambo ya uchawi sitaki kuyamaliza hapa. Nina jamaa wanaoamini na ninawapenda, na kukhu yangu hatafurahia kusoma haya. Simwambii mtu aache kuamini. Bwana Msa mwenyewe hakuwaambia. Ninachosema ni kwamba kabla ya kutaja jina la mama wa mtu, uliza kuhusu chupa. Uliza alikula nini. Dakika tano.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa na mama kibandani tukichambua vitunguu vya kuuza kesho. Nikamwambia. Nilianza na kitabu, nikazunguka Unguja nzima, nikafika kwenye mparachichi na chupa mbili. Nilimwambia nataka kwenda Kiminini na khocha, tumwone yule mama, hata kama ni kusalimia tu. Sijui nitamwambia nini nikifika.

Mama hakuinua kichwa. Alitupa kitunguu kilichooza, akachukua kingine, akakimenya ganda la juu.

"Zile za kifuniko cha kijani?" akauliza.

Sikuwa nimemtajia kifuniko.